Bibi Shamba Anajibu: Nivune Bangi Yangu Lini Kabla Mvua na Jalidi Hazijaiharibu?

Shikamoo, Bibi Shamba.

Ninaishi nje kidogo ya mji wa Peterborough, jimbo la Ontario, nchini Kanada, pamoja na mume wangu na mtoto wetu wa kiume anayesoma sekondari. Nilikulia Matombo, Morogoro, katika nyumba ya wakulima wa karafuu, kwa hiyo kazi ya shamba si ngeni kwangu. Hata hivyo, zao ninalokuuliza leo sikuwahi kulipanda nyumbani, kwa kuwa huko ni kosa la jinai, na hata hapa nimelianza mwaka huu tu. Sheria ya Kanada inairuhusu kaya kuotesha bangi mimea minne kwa matumizi ya watu wazima, nasi tulinunua mbegu katika duka la mtandaoni la serikali ya jimbo, tukapanda miwili ardhini kando ya ua wa mbao na miwili katika vyungu vikubwa. Mume wangu huitumia kidogo usiku kwa ajili ya maumivu ya mgongo, na daktari wake analifahamu jambo hilo.

Sasa tupo mwishoni mwa Septemba. Mimea miwili ya ardhini imenipita kimo, na vichala vyake vya juu vimekuwa vizito hata matawi yameanza kuinama. Vile vinyweleo vyeupe vya maua vimegeuka kahawia karibu nusu yake. Mmea mmoja wa chungu unakwenda sambamba na hiyo miwili, lakini wa pili, ambao majani yake ni membamba na marefu, bado unatoa vinyweleo vipya vyeupe kila siku, wala hauonyeshi dalili yoyote ya kukomaa.

Jirani yetu, mzee ambaye amelima bustani hapa miaka mingi, ananisihi nisikate chochote mpaka vinyweleo vyote viwe kahawia. Shemeji yangu wa Toronto naye anasisitiza kwamba tukate mimea yote wikendi hii, tusingoje hadi Sikukuu ya Shukrani ya hapa, mwezi Oktoba, kwa sababu utabiri unaonyesha mvua ya siku tatu mfululizo, kisha usiku wenye nyuzi joto 2 tu. Nilikuwa tayari kumsikiliza jirani, ila jana asubuhi niliona jani dogo lililokauka katikati ya kichala kikubwa kuliko vyote, ilhali majani yote yaliyolizunguka yalikuwa mabichi. Nilipolishika likachomoka lenyewe.

Naomba unieleze: ni dalili gani hasa ya kukomaa ninayopaswa kuitazama, ni lini nikate, na je, mimea yote minne ni lazima ikatwe siku moja? Nimeitunza tangu Mei, na ningesikitika sana kuipoteza katika hatua hii ya mwisho.

Mama wa Bustani, Ontario

Marahaba, binti yangu.

Nitaanza na lile jani, kwa sababu ndilo jambo la haraka kuliko yote uliyoniandikia, na ningependa ulishughulikie kabla ya kuwaza habari za kukomaa. Jani moja lililokauka katikati ya kichala kibichi, tena linalochomoka bila kuvutwa, ndiyo dalili ya kwanza ya ukungu wa kijivu, ule ambao wataalamu huuita Botrytis cinerea na ambao wakulima wa zabibu na stroberi wanaujua vizuri. Ukungu huu hauanzii nje ambako jicho lingeuona. Huanzia ndani, kwenye kijiti kinachobeba maua, mahali ambapo unyevu wa mvua na umande umenaswa na upepo haufiki, nao ukishakula shina la jani, jani hilo hukosa maji na kukauka peke yake. Ndiyo maana vichala vikubwa na vilivyoshonana, vile vinavyomfurahisha mkulima kuliko vyote, ndivyo vinavyooza kwanza.

Kipanue kichala hicho taratibu kwa vidole safi, utazame ndani hadi kwenye kijiti. Ukiona rangi ya kahawia, ulaini usio wa kawaida, au vumbi la kijivu linalopeperuka, hapo hakuna tena swali la kusubiri. Kifunike kichala kwa mfuko wa plastiki kabla ya kukikata, ili mbegu za ukungu zisirukie vichala vingine, kisha ukate chini kabisa ya sehemu iliyooza, mahali ambapo kijiti ni kibichi na kigumu, na ufute mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa tawi jingine. Ukikuta pia chembechembe nyeusi za kinyesi cha viwavi, ujue kwamba kiwavi ndiye aliyetoboa njia na ukungu ukamfuata, kwa hiyo tafuta matundu kwenye vijiti vya jirani. Kilichooza kitupwe kwenye takataka. Usijaribu kukiokoa kwa kukata sehemu mbaya na kuhifadhi inayoonekana nzuri ndani ya kichala hichohicho, kwa kuwa nyuzi za ukungu husambaa mbele ya rangi yake, na kuvuta moshi wa kitu chenye ukungu ni hatari kwa mapafu, hasa kwa mtu mwenye pumu au ambaye kinga yake ya mwili imepungua. Mume wako anatumia bangi hii akitafuta nafuu, kwa hiyo asipewe chochote ambacho una shaka nacho.

Baada ya hapo, kagua vichala vyote vya mmea huo na vya mwenzake wa ardhini, kimoja baada ya kingine, na urudie kila siku mpaka siku ya kuvuna. Ukikuta uozo sehemu moja tu, bado una nafasi ya kuamua. Ukikuta sehemu tatu au nne za mmea mmoja, vuna mmea huo wote siku hiyohiyo, hata kama haujakomaa upendavyo.

Sasa nije kwa jirani yako, ambaye namheshimu kwa uzoefu wake lakini sikubaliani naye. Vinyweleo hugeuka kahawia kwa sababu nyingi, na kukomaa ni mojawapo tu. Mvua kubwa huvigeuza, upepo unaovisugua huvigeuza, kuvishikashika kwa vidole huvigeuza, na chavua ya mmea dume ikivifikia hunyauka mapema. Zaidi ya hayo, zipo aina ambazo huendelea kutoa vinyweleo vipya juu ya maua ambayo tayari yamekomaa, na mwenye kungoja mpaka cheupe cha mwisho kiishe, katika hali ya hewa ya Ontario, mara nyingi huvuna uozo. Vinyweleo vinakujulisha kwamba wakati wa kuanza kutazama kwa makini umefika. Vyako vimefika nusu, basi anza kutazama.

Cha kutazama ni tezi za utomvu, zile punje ndogo mno zinazong'aa juu ya maua, ambazo kila moja ina kijiti na kichwa cha mviringo juu yake. Ndani ya vichwa hivyo ndimo zinamotengenezwa kemikali zinazoipa bangi nguvu na harufu yake. Kwa macho matupu utaona mng'ao tu, kwa hiyo nunua kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara 30 hadi 60, ambacho hakina bei kubwa, au kile kinachobanwa kwenye kamera ya simu, kwa sababu picha unaweza kuitazama ndani ya nyumba kwa utulivu bila mkono kutetemeka. Tezi changa huwa angavu kama kioo. Zikipevuka hupoteza uangavu huo na kuwa nyeupe za maziwa, na huo ndio wakati ambapo kemikali iitwayo THC, au kwa usahihi zaidi ile asidi ambayo moto huigeuza kuwa THC, imefikia kiwango cha juu au inakaribia. Zikipitiliza hugeuka rangi ya kaharabu, kwa kuwa hewa na mwanga vimeanza kuivunja THC na kuifanya kemikali nyingine iitwayo CBN.

Uangalie, hata hivyo, ni wapi unapozitazama. Watu wengi huweka kioo juu ya vijani vidogo vinavyochomoza kwenye kichala, kwa sababu hapo tezi zinaonekana kwa urahisi, lakini tezi za vijani hugeuka kaharabu mapema kuliko za maua, na mtu hudhani mmea umekwisha kukomaa kumbe bado. Tazama kwenye vile vifuko vilivyovimba ambavyo vinyweleo vinatokea, na usiridhike na kichala kimoja. Tazama cha juu, cha katikati na cha chini, kwa sababu jua halivifikii vyote sawasawa. Wakulima wengi huvuna pale ambapo tezi nyingi sana ni za rangi ya maziwa, za kioo zimebaki chache, na za kaharabu zimeanza kuonekana hapa na pale. Kuna wanaongoja kaharabu ziwe nyingi wakiamini kwamba bangi hiyo huleta usingizi mzito. Ushahidi wa kisayansi wa imani hiyo ni mdogo, nami sikushauri kuifuata kwa mimea inayonyeshewa na mvua.

Shemeji yako, kwa upande wake, yuko sahihi kuiogopa mvua, lakini anakosea anaposema mimea yote. Wewe umekulia kwenye mikarafuu, na unajua kwamba karafuu huchumwa kabla tumba la ua halijafunguka, pale rangi inapotoka kwenye kijani kuelekea wekundu, na kwamba mti haumalizwi kwa mkwezo mmoja, kwa kuwa vishada vya juu na vya ndani haviivi pamoja. Fanya hivyohivyo hapa. Ikiwa kioo kinaonyesha kwamba vichala vya juu vya mimea ya ardhini vimeshakuwa vya maziwa, vikate kabla mvua haijaanza, maana ndivyo vinene na ndivyo vilivyo hatarini, na uviache vidogo vya chini viendelee kwa wiki moja au zaidi. Vya chini vitapata jua ambalo vya juu vilikuwa vikivizuilia, na upepo utapita vizuri kati yake. Juu ya vilivyobaki funga turubai kama paa, pande zote ziwe wazi, kwa sababu mmea uliofungiwa kwenye plastiki hujaa mvuke na kuoza upesi kuliko uliokuwa mvuani. Punguza pia majani makubwa ya ndani yanayogusana, na usiendelee kuweka mbolea yenye naitrojeni.

Na kama kioo kinaonyesha kwamba tezi nyingi za vichala vya juu bado ni angavu? Hapo uamuzi ni mgumu, nami nitakupa msimamo wangu bila kuzungukazunguka: katika majira haya ya kupukutika majani, ukiwa umekwisha kuona uozo na mvua ya siku tatu i njiani, ni heri uvune wiki moja mapema kuliko wiki moja baadaye. Ukiwahi, utapata uzito pungufu na nguvu pungufu kidogo, lakini bangi hiyo itatumika. Ukichelewa, kichala kinachokaribia kukomaa kinaweza kuoza chote ndani ya siku mbili au tatu, na hakuna unachoweza kufanya nacho. Kama usingeona lile jani, na kama utabiri ungekuwa wa jua na upepo mkavu, ningekushauri usubiri.

Kuhusu baridi sina wasiwasi mwingi kama shemeji yako. Usiku wa nyuzi joto 2 hauui mmea uliokomaa. Ila kumbuka kwamba unapokaa wewe jalidi hutangulia kufika kuliko Toronto iliyo kando ya ziwa, na kwamba katika usiku mtulivu usio na mawingu majani hupoteza joto kuliko hewa inayopimwa, hivyo jalidi inaweza kutanda juu yake ilhali utabiri ulisema nyuzi 2. Jalidi nyepesi mmea huu huistahimili. Hatari ni pale joto linaposhuka hadi nyuzi 3 chini ya sifuri au zaidi, kwa maana chembe hai za mmea hupasuka, na zikiyeyuka asubuhi ukungu hupata mlango. Funika kwa shuka jioni na ulifunue asubuhi, na vyungu uviingize gereji. Usidanganyike pia na majani yakigeuka zambarau, kwani mara nyingi hiyo ni baridi inayofanya kazi yake na haisemi lolote kuhusu kukomaa.

Siku ya kukata ichague kavu. Subiri umande ukauke, kwa kawaida katikati ya asubuhi, ukate tawi zima, uondoe majani makubwa, na ukague tena kila kichala kabla hakijaingia ndani.

Hapa ndipo ninapotaka usahau kabisa ulivyofundishwa kuhusu karafuu. Karafuu ulianika juani juu ya mkeka, na jua kali lilikuwa rafiki yako. Bangi haianikwi juani, kwa sababu mwanga huivunja THC na joto hupeperusha mafuta yanayoipa harufu. Tundika matawi kichwa chini katika chumba chenye giza, joto la nyuzi 15 hadi 20, na unyevu wa hewa wa takriban asilimia 55 hadi 60, matawi yasigusane, na feni izungushe hewa ya chumba bila kuyapulizia moja kwa moja. Chumba cha chini ya nyumba kinafaa ikiwa si chepechepe, na kama ni chepechepe, washa mashine ya kupunguza unyevu. Kwa kawaida kazi hii huchukua kati ya siku 7 na 14. Usiharakishe kwa kutumia oveni au hita, kwa kuwa nje itakauka na ndani itabaki mbichi, na ukungu uliouepuka bustanini utaukuta kwenye chupa.

Utajua imekauka pale kijiti chembamba kinapokatika kwa mlio badala ya kupinda. Hapo toa maua kwenye vijiti, uyaweke katika mitungi ya kioo bila kuyashindilia, ujaze robo tatu tu, na utie kipima unyevu kidogo ndani ya kila mtungi. Kikisoma zaidi ya asilimia 65 baada ya saa chache, yatoe na uyatandaze tena. Kikisoma kati ya 58 na 62, mko salama. Fungua mitungi kila siku kwa dakika chache katika wiki mbili za mwanzo, na kila unapofungua, nusa. Harufu ya nyasi mbichi hupungua yenyewe, lakini harufu ya kuvunda kama chumba kilichofungwa siku nyingi ni ishara ya kutoa kila kitu na kukagua.

Kwa kuwa una kijana nyumbani, mitungi hiyo ikae kwenye kabati lenye kufuli. Umri halali Ontario ni miaka 19, na kumpa bangi aliye chini ya miaka 18 ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 14. Hadharani mtu mzima haruhusiwi kubeba zaidi ya gramu 30 zilizokauka. Kuivusha mpaka ni kosa hata kuelekea majimbo ya Marekani yaliyoihalalisha, sembuse kumtumia ndugu wa Morogoro anayelalamika mgongo. Mume wako naye amweleze daktari kwamba sasa anatumia ya nyumbani, ambayo nguvu yake haikupimwa, na aanze na kiasi kidogo kuliko alichozoea kutoka dukani.

Umebaki ule mmea wa chungu wenye majani membamba. Huo una asili ya nchi za joto zenye msimu mrefu, na maua yake yanaweza kuhitaji wiki 11 au zaidi tangu yalipoanza, kwa hiyo usiuhukumu kwa kalenda ya wenzake. Bahati yako ni kwamba uko kwenye chungu. Mchana utoe juani, usiku uingize gereji kwenye giza kamili, taa isiwashwe, kwa kuwa mmea huu hupima urefu wa usiku ili uendelee kutoa maua. Utazame kwa kioo kila baada ya siku chache hadi katikati ya Oktoba. Hewa ya mchana ikianza kushinda chini ya nyuzi 10, hautaongeza kitu cha maana, na hapo uukate kama ulivyo. Mwakani, tafuta mbegu za aina zinazowahi kukomaa, au zile zinazochanua kwa umri bila kungoja siku kufupika, ambazo ukizipanda baada ya jalidi ya mwisho ya majira ya kuchipua utazivuna Agosti.

Bibi Shamba